Sanduku la Vitabu na Kabati la Kijiji

Mtume Paulo alipokuwa kifungoni, naye akijua ya kwamba siku zake zimekaribia, alimwagiza Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, pamoja na vitabu vyake, hasa vile vya ngozi. Kila nisomapo habari hiyo husimama hapo kidogo. Mzee yule alisikia baridi, ndiyo maana akataka joho; lakini joho peke yake hakuona kwamba latosha. Sisi tukaao Nambis, na watu wote wa nchi ya juu ya Mbulu, twaijua baridi ya mwezi wa Juni na wa Julai, na nguo nzito haikosi katika nyumba zetu. Bali vitabu vimo katika nyumba ngapi? Basi nataka kuwaeleza habari za maktaba katika nchi yetu, jinsi zilivyoanza, zikapata nguvu, kisha zikalegea, kwa maana katika habari hizo yamo mambo yawafaayo watu wanaofikiri kufungua chumba cha vitabu kijijini kwao.

Neno lenyewe, maktaba, asili yake ni Kiarabu, nalo ni ndugu wa kitabu na katibu. Shina lao ni moja, yaani kuandika. Lakini nyumba ya vitabu ambayo mtu asiye na fedha aweza kuingia, akaazima, akasoma, akarudisha, haikuja upesi kama neno lake. Kilichotangulia ni mtambo wa kupiga chapa. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa Askofu, alifika Unguja mwaka wa 1864 pamoja na Askofu Tozer, na haikupita miaka mingi vijana waliookolewa katika utumwa walikuwa wakipanga herufi kwa mikono yao na kupiga chapa kurasa za Kiswahili. Mwaka wa 1888 watu wa Kiungani wakaanza gazeti la Msimulizi. Huko Magila likafuata Habari za Mwezi. Na mwaka wa 1910 misheni za Kilutheri zikatoa Pwani na Bara. Huko Uganda Wakristo wa kwanza waliitwa wasomaji tu, kwa kuwa kuingia katika dini na kujifunza herufi vilikwenda pamoja.

Kwa hiyo Kanisa lilitangulia, nasi twashukuru. Ila tusilipe sifa isiyo yake. Vitabu vile viliuzwa, au vilikaa katika sanduku la mwalimu, na mtu aliyekwisha kusoma kitabu chake cha sala alikisoma kile kile tena mpaka kikachakaa. Hata serikali ya Waingereza ilipoanza kutoa Mambo Leo mwezi wa Januari 1923, gazeti moja lilisikiwa na watu wengi, kwa maana aliyejua kusoma alisoma kwa sauti, na wasiojua wakamzunguka wakisikiliza. Nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa maktaba yetu ya kwanza, nayo haikuwa na jengo. Jengo lilikuwako kwingine. Mwaka wa 1931 ilifunguliwa Nairobi maktaba ya McMillan, nyumba nzuri ya nguzo ndefu na sanamu za simba mlangoni, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo.

Baada ya Vita vya Pili ilionekana dhahiri kwamba watu waliojua kusoma wameongezeka, na vitabu vya kuwatosha hakuna. Mwaka wa 1948 ikaanza kazi ofisi ya vitabu ya Afrika ya Mashariki, makao yake Nairobi, kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Mkuu wake alikuwa Bwana Charles Richards, ambaye kabla ya hapo alilisimamia duka la vitabu la misheni ya C.M.S. mjini humo. Ofisi hiyo iliwasaidia waandishi na kutoa vitabu vyao. Tena ilifanya kazi nyingine ambayo haikusifiwa sana, nami naona ndiyo iliyokuwa bora. Ilifunga vitabu katika masanduku na kuyapeleka mashuleni na katika vyama vya watu. Sanduku lilikaa mahali kwa muda, watu wakaazima na kusoma. Kisha likaondoka, na mahali pake likaja jingine lenye vitabu vingine. Na mtu aliyekaa mbali na njia aliweza kuazima kitabu kwa posta.

Hebu tuitazame vizuri hekima ya sanduku lile. Sanduku halikuwa na fahari. Lakini kwa kuwa lilijulikana kwamba litaondoka, mtu aliyekitamani kitabu hakungoja mwezi wa pili. Na kwa kuwa lilijulikana kwamba jingine laja, aliyemaliza vyote hakukata tamaa. Siku ya kufunguliwa sanduku ilikuwa ni neno jipya la kuzungumzwa kijijini, kama vile siku ya mnada. Nawaomba mlishike jambo hili, maana nitalirudia.

Mwaka wa 1960 Bwana Sydney Hockey, mshauri wa mambo ya maktaba katika ofisi ile, alitoa taarifa yake, akashauri kila nchi iwe na shirika lake la maktaba lililowekwa kwa sheria. Tanganyika haikukawia. Sheria ilipitishwa mwaka wa 1963, kazi ikaanza mwaka uliofuata, na mkurugenzi wa kwanza alikuwa Mwingereza, Bwana Max Broome. Baada yake alikuja mwananchi, Bwana Ezekiel Kaungamno. Uganda walipata sheria yao mwaka wa 1964, na Kenya 1965. Tarehe 9 Desemba 1967, siku ya kutimiza miaka 6 ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu pale Dar es Salaam, na maktaba za miji ya mikoa, Arusha ikiwamo, zikawa matawi yake.

Lakini kutoka Nambis mpaka Arusha si mwendo wa mtu kurudisha kitabu. Tena, hesabu ya watu ya mwaka ule ule wa 1967 ilionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wa Tanzania bara, 67 hawakujua kusoma wala kuandika. Maktaba yamfaa nini asiyejua herufi? Ndipo Mwalimu akautangaza mwaka wa 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wazee wetu wengi wanayakumbuka madarasa yale, chini ya mti, kanisani, au katika shule watoto walipokwisha kwenda nyumbani. Mafunzo yaliitwa Kisomo chenye Manufaa, kwa kuwa mtu alijifunza herufi katika habari za kazi yake mwenyewe, za pamba au mahindi au ng'ombe. Mwaka wa 1975 watu zaidi ya milioni 5 walifanya mtihani, ikaonekana wasiojua wamepungua hata kufika 39 katika 100. Na mwaka wa 1986 serikali ilitangaza kuwa wamebaki wasiofika 10. Nchi nyingi zilikuja kutazama tulifanyaje.

Katika miaka ile kijiji kilipata vitu viwili vya kusoma. Kwanza vilikuwa vitabu vidogo vya kampeni. Mwaka wa 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu pamoja, wakabishana, kisha wakaondoka wakaenda kuchimba vyoo. Nasema wakabishana, kwa kuwa ndipo lilipokuwa jambo lenyewe: kitabu kilisomwa siku iliyojulikana, na watu waliojuana, na palikuwa na kazi baada yake. Gazeti la Elimu Haina Mwisho nalo lilitolewa Mwanza tangu mwaka wa 1974, kwa ajili ya watu wa vijijini waliotoka katika kisomo.

Kitu cha pili ni maktaba za vijiji, zilizofunguliwa kwa maelfu. Mara nyingi ilikuwa kabati moja tu katika shule au katika ofisi ya kijiji, pamoja na mtu mmoja wa pale pale aliyefundishwa kidogo kazi ya kuandika nani amechukua nini, akapewa posho ndogo. Watu walifurahi sana, wakasoma. Wakamaliza.

Nalo lilikuwa ndilo shauri lote: wakamaliza, na vitabu vingine havikuja. Baada ya vita vya Uganda, vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikuwa haba, karatasi ikawa taabu, na hata kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilipoanza mwaka wa 1985 dhiki haikwisha. Magari ya vitabu yalisimama kwa kukosa mafuta na vipuri. Posho ya mtunza kabati ilichelewa, kisha ikakoma, naye akarudi shambani kwake. Ufunguo akakaa nao, kwa kuwa hakuna aliyeuuliza. Mnakumbuka habari za siku za mfalme Yosia, jinsi Hilkia kuhani alivyokiona kitabu cha torati ndani ya nyumba ya Bwana? Hakikuibwa wala hakikuteketea. Kilikuwamo humo humo nyumbani, na watu wakipita kila siku. Makabati yetu mengi yalikuwa hivyo.

Hasara yake haikuonekana mara moja, maana kusahau herufi ni jambo la polepole. Sensa ya mwaka wa 2012 ilionyesha kwamba katika kila watu 100 wa miaka 15 na zaidi, wajuao kusoma ni kama 78. Ni kweli kwamba hesabu hii na ile ya 1986 hazikupimwa kwa mizani moja, wala si haki kuyatupa makosa yote juu ya kabati tupu. Hata hivyo yeyote aliyepata kufundisha watu wazima amewaona: mtu aliyeandika barua kwa mkono wake mwaka wa 1976, leo aomba mjukuu amsomee.

Wengine husema watu wa vijijini hawapendi kusoma. Mimi nakataa. Kabati lile lilipojaa, watu walisoma. Tofauti ya sanduku na kabati ni hii, kwamba sanduku lilikuja na kwenda, na kabati lilikaa. Maktaba isiyo na kitabu kipya wala siku ya kukutana ni ghala, na ghala lisilowekwa mavuno mapya kila mwaka hugeuka nyumba ya panya.

Waliofahamu jambo hili hawakukosekana. Mwaka wa 1991 ulianzishwa Dar es Salaam Mradi wa Vitabu vya Watoto, kwa msaada wa watu wa Kanada. Ulimsaidia mchapaji kutoa kitabu cha Kiswahili, kisha ukanunua sehemu kubwa ya nakala na kuzigawa mashuleni, hata mwandishi, mchapaji na mtoto wakapata faida pamoja. Vitabu hivyo vyapatikana, ni vyembamba, vina picha, na bei yake si ya kutisha usharika.

Liko neno moja zaidi, nalo latuhusu sisi Wairaqw hasa. Watoto wetu huzaliwa katika Kiiraqw, Kiswahili wakakikuta shuleni, na vitabu vyote vya kabati la zamani vilikuwa vya Kiswahili. Lakini maneno ya wazee wetu yameandikwa. Mjerumani mmoja, Paul Berger, aliyakusanya maneno hayo huku kwetu katika miaka ya 1930; yakakaa miaka mingi, hata Roland Kießling akayatengeneza, yakatolewa Ujerumani mwaka wa 1998. Mwaka wa 2002 ikatoka huko huko kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza, kazi ya Maarten Mous, ya huyo Kießling, na ya binti wa kwetu, Mwalimu Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtu wa Köln aweza kuingia maktaba ya mji wake akayasoma maneno ya wazee wa Mbulu. Mtoto wa Nambis ayasome wapi?

Mnajua slufay ilivyo, mzee akiomba kwa sauti na watu wakimwitikia, neno kwa neno, mpaka mwisho. Watu waliolelewa hivyo hawahitaji kufundishwa namna ya kukusanyika kusikiliza. Kwa hiyo chumba cha vitabu kikifunguliwa kwetu, ningependa ubao wa mlangoni uandikwe mambo mawili kila mwezi: majina ya vitabu vilivyofika, hata kama ni viwili tu, na siku ya kusomewa kwa sauti, kwa mfano Jumapili baada ya ibada, watu wakiwa wako tayari na wenye safari ndefu hawajaondoka. Vitabu vyabadilishana: usharika wenye 40 ukapeleka 20 kwa jirani, ukaletewa 20 vya kwao, nalo ndilo sanduku lile la 1948 bila ofisi ya Nairobi. Ufunguo uwe kwa watu wawili. Na miongoni mwa vitabu vya kwanza vitafutwe vya maandishi makubwa, kwa maana mama aliyepata kisomo mwaka wa 1975 akiwa na miaka 30 sasa amefika 80, na macho yake hayaoni tena herufi ndogo. Jozi mbili tatu za miwani ya kusomea ziwekwe mezani, karibu na dirisha.