Kintu (riwaya)

Kintu ni riwaya ya mwandishi wa Uganda Jennifer Nansubuga Makumbi, iliyotolewa na Kwani Trust jijini Nairobi mwaka 2014. Inasimulia kisa cha mtoto anayefia safarini, mlezi anayeficha kifo hicho na baba mzazi anayengoja habari asizoletewa. Siri hiyo ya mwaka 1750 inauandama ukoo mzima hadi Kampala ya mwaka 2004.

Kwa kawaida kitabu hiki huhesabiwa miongoni mwa riwaya za kihistoria. Hata hivyo, aliyezoea visa vya kusisimua vya mtoto aliyepotea na wazazi wanaoshukiwa, kama The Couple Next Door ya Shari Lapena (2016), ataona undugu. Tofauti ni kwamba Lapena anaficha mkosaji, ilhali Makumbi anamtaja tangu mwanzo. Msomaji anabaki akimtazama mtu mzima, mwenye cheo na heshima zake, akiliwa na jambo aliloshindwa kulisema.

Mwandishi

Makumbi alizaliwa Kampala mwaka 1967. Baba yake alikamatwa na kuteswa enzi za Idi Amin, na akili yake haikurudi sawa. Wagonjwa wa akili ni wengi pia katika riwaya hii. Makumbi alifundisha shule za sekondari nchini Uganda kabla ya kwenda kusoma Manchester mwaka 2001, kisha akachukua shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Lancaster.

Msuko

Kintu Kidda ni gavana wa Buddu, mkoa wa Buganda. Ameoa mapacha, Nnakato na Babirye. Nyumbani kwake anaishi Kalema, mtoto wa Ntwire, Mtutsi aliyefika na kichanga mikononi baada ya mkewe kufariki akijifungua. Nnakato alimnyonyesha Kalema pamoja na mwanawe Baale, wakakua kama ndugu.

Kintu anapokwenda kumpa heshima Kabaka (mfalme) mpya, Kyabaggu, anaongozana na Kalema ili akamtafutie nafasi ikulu. Msafara unakatiza nyika kame ya Lwera, jua likiwaka na maji yakipimwa. Kalema anachukua kibuyu cha Kintu na kunywa. Kintu anampiga kofi la kumwonya, kofi ambalo mzazi yeyote wa zama hizo angelipiga bila kufikiri mara mbili. Kijana anaanguka na hainuki tena. Watumishi wanamzika harakaharaka, kando ya kaburi la mbwa.

Hapo ndipo riwaya inapokaza kamba. Kintu angeweza kumwita Ntwire na kumwambia ukweli; kifo hakikukusudiwa, na mila zilikuwa na njia za kusuluhisha damu iliyomwagika. Badala yake anarudi nyumbani na kunyamaza, watu wakiamini kwamba Kalema amebaki ikulu. Kila siku inayopita inafanya ukweli uwe mgumu zaidi kutamkika. Ntwire, mgeni asiye na ukoo wa kumtetea katika nchi ya watu, anaelewa mwishowe kwamba anafichwa, naye anailaani nyumba ya Kintu na uzao wake wote. Baale anafariki, Nnakato anajiua, na Kintu mwenyewe anaondoka kwake asijulikane alikoishia.

Ukoo baada ya laana

Riwaya ina vitabu sita. Cha kwanza ni cha Kintu Kidda, vinne vinafuata wazao wake wa mwaka 2004, na cha mwisho kinawakutanisha kijijini kwa tambiko.

Suubi Nnakintu anasumbuliwa na pacha wake aliyekufa. Kanani Kintu na mkewe Faisi, walokole wakali, wana mapacha Ruth na Job ambao siri yao wazazi hawataki kuigusa. Isaac Newton Kintu anaogopa majibu ya kipimo cha UKIMWI.

Miisi Kintu, msomi aliyesoma Urusi na Cambridge, ndiye anayerudisha kisa kilipoanzia. Mwanawe Kamu anauawa na umati mtaani Bwaise asubuhi ya Januari 5, 2004, akiitwa mwizi. Mauaji hayo ndiyo yanayofungua riwaya, kabla ya kitabu cha kwanza. Maiti inakaa chumba cha maiti bila kudaiwa, na baba anaendelea na shughuli zake kijijini bila habari. Safari hii aliyekaa gizani kama Ntwire ni mtu wa damu ya Kintu.

Ukoloni

Kipindi cha ukoloni kinarukwa karibu chote.

Mapokezi

Mswada ulishinda shindano la Kwani? Manuscript Project mwaka 2013. Wachapishaji wa Uingereza walikuwa wameukataa kwa kuuona ni wa Kiafrika mno, hoja ya ajabu kwa kitabu kilichopokewa kwa shangwe Kampala na Nairobi. Transit Books waliutoa Marekani mwaka 2017 na Oneworld wakautoa Uingereza mwaka 2018, mwaka ambao Makumbi alipata Tuzo ya Windham-Campbell.

Tafsiri

Tafsiri ya Kifaransa ilitolewa na Métailié mwaka 2019, na kwa msomaji wa Niemba, Kalemie au Lubumbashi nchini Kongo aliyesoma kwa Kifaransa, ndiyo njia ya karibu zaidi ya kukifikia kitabu hiki. Riwaya ya pili ya Makumbi, The First Woman, ilitoka mwaka 2020.