Douglass Mhariri

Wengi humjua Frederick Douglass kama mtumwa aliyetoroka Maryland mwaka 1838 akawa msemaji hodari. Mimi huvutiwa zaidi na Douglass mhariri. Desemba 1847, mjini Rochester, alianzisha gazeti la The North Star kwa msaada wa fedha kutoka Uingereza, ambako wahisani walikuwa wamekwisha kuchanga za kumkomboa kisheria. Mlezi wake wa kisiasa, William Lloyd Garrison, alimpinga. Simbezi Garrison, The Liberator lilikuwa likiupiga vita utumwa tangu 1831. Ila naona alimtaka Douglass jukwaani, si kwenye kiti cha mhariri.

Mwaka 1851 wakafarakana hadharani. Garrison aliiona Katiba ya Marekani kuwa mkataba wa wamiliki watumwa. Douglass, baada ya kuisoma upya, akatangaza kwamba ni silaha dhidi yao. Marafiki wa jana wakamwita msaliti, na kufikia 1853 The Liberator likagusia hata mambo ya nyumbani mwake. Alijibu katika gazeti lake mwenyewe, lile ambalo mwaka 1848 aliweka nyumba rehani ili lisife.