Filamu za Vita za Marekani: Zilivyopigwa, Zilivyofichwa na Zilivyohifadhiwa

Kamera ya sinema iliingia katika vita vya Marekani mwaka 1898, nchi hiyo ilipopigana na Uhispania kwa ajili ya Kuba na Ufilipino. Baada ya manowari Maine kulipuka katika bandari ya Havana mwezi Februari, William Paley, mpigapicha wa kampuni ya Edison, alirekodi mazishi ya mabaharia wake huko Key West, Florida. Baadaye alifuatana na wanajeshi hadi Kuba. Alichofanikiwa kukipata huko ni askari wakishuka pwani, nyumbu wa mizigo wakiogelea kutoka melini na safu za watu wakienda zao. Mapigano hayakuonekana. Kamera za siku hizo zilikuwa nzito, zilisimama juu ya miguu mitatu, na hazikuwa vifaa vya kukimbia navyo chini ya risasi.

Watazamaji mijini, hata hivyo, walitaka kuona mapigano, na wenye biashara wakayatengeneza. J. Stuart Blackton na Albert E. Smith wa kampuni ya Vitagraph walisimulia baadaye jinsi walivyounda vita vya majini kwa meli za karatasi zilizoelea ndani ya maji kidogo, na moshi wa sigara ukipulizwa juu yake. Mwaka 1899 kampuni ya Edison iliuza filamu za mapigano ya Ufilipino zilizopigwa New Jersey. Ni makosa kuzitupa kwa sababu ni za kuigiza, maana zinaonyesha kwa uaminifu kile ambacho umma wa Marekani ulitaka kuamini kuhusu vita vya mbali. Kosa zaidi ni kuzionyesha bila kueleza zilikotoka.

Nyingi za filamu hizo zimesalia kwa sababu ya sheria ya hakimiliki. Kabla ya mwaka 1912 sheria ya Marekani haikuitambua sinema kama kazi ya aina yake, ila picha za kawaida tu. Kwa hiyo kampuni zilichapa filamu nzima kwenye ukanda wa karatasi, picha baada ya picha, na kuiwasilisha katika Maktaba ya Bunge mjini Washington. Filamu zenyewe ziliharibika au zilipotea, lakini karatasi zilibaki. Katikati ya karne ya 20 zaidi ya kanda 3,000 za karatasi zilirudishwa kuwa filamu.

Marekani ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1917, kazi ya kupiga picha za jeshi ilikabidhiwa Kikosi cha Mawasiliano. Tangu hapo filamu ya kijeshi ikawa na pande mbili: kumbukumbu ya serikali na chombo cha propaganda. Kamati ya Habari kwa Umma chini ya George Creel ilikata picha za kikosi hicho na kuzifanya filamu ndefu, mojawapo ikiwa Pershing's Crusaders ya mwaka 1918, zilizoonyeshwa kwa kiingilio katika majumba ya sinema. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ilipoanzishwa mwaka 1934, sheria yake iliitaja filamu waziwazi miongoni mwa vitu ambavyo taasisi hiyo ingepokea.

Utajiri mkubwa zaidi ulitokana na Vita vya Pili vya Dunia. Chombo cha kawaida cha mpigapicha wa vitani kilikuwa kamera ya Eyemo ya milimita 35, iliyobebeka mkononi na kuendeshwa kwa springi iliyotiwa ufunguo kama saa ya ukutani. Ilibeba futi 100 za filamu, yaani kama dakika moja tu, na haikurekodi sauti. Milio ya mizinga inayosikika katika filamu nyingi za vita hivyo iliongezwa studio. Kila mkanda ulipaswa kuandamana na karatasi ya maelezo yenye tarehe, mahali, kikosi na kilichopigwa. Karatasi hiyo ina thamani kama filamu yenyewe, kwani bila hiyo askari anayekimbia ufukweni anaweza kuwa popote katika Pasifiki, na huenda yumo mazoezini.

Waongozaji wakubwa wa Hollywood nao walivaa sare. John Ford alikuwa kisiwani Midway ndege za Japani zilipoishambulia tarehe 4 Juni 1942. Alijeruhiwa akiwa kazini, na katika filamu yake ya dakika 18, The Battle of Midway, mishindo ya mabomu inaifanya picha iruke na kutoka mahali pake. Ford aliiacha hivyo, na kasoro hiyo ndiyo sehemu yenye nguvu kuliko zote. John Huston alifuata njia nyingine nchini Italia. Sehemu kubwa ya The Battle of San Pietro ilipigwa baada ya mapigano ya Desemba 1943, askari wakirudia mashambulizi mbele ya kamera. Lakini maiti zinazofungwa ndani ya mifuko zilikuwa maiti za kweli. Mtazamaji wa leo analazimika kuyabeba mambo yote mawili kwa pamoja.

Kisiwani Tarawa katika Pasifiki, mwezi Novemba 1943, Norman Hatch wa Kikosi cha Marini alipiga mapigano kwa karibu kiasi cha kuwapata Marini na Wajapani katika picha moja, jambo adimu mno katika vita vizima. Wamarekani zaidi ya 1,000 walikufa katika siku nne. Rais Roosevelt aliridhia maiti zao zionyeshwe kwa umma, na With the Marines at Tarawa ikatolewa mwaka 1944.

Tarehe 23 Februari 1945, juu ya mlima Suribachi kisiwani Iwo Jima, Bill Genaust, mpigapicha wa filamu wa Kikosi cha Marini, alisimama karibu na Joe Rosenthal wa shirika la habari la AP. Rosenthal alipiga picha mnato ya bendera ikiinuliwa, na Genaust akapiga tukio hilohilo kwa filamu ya rangi. Siku chache baadaye, tarehe 4 Machi, Genaust aliuawa ndani ya pango. Mwili wake haujapatikana. Uvumi ulipoenea kwamba picha ya Rosenthal ilipangwa, filamu ilijibu: bendera inapanda kwa mwendo mmoja, bila mtu kusimama kujipanga. Mkanda huo umeendelea kufanya kazi. Kwa kuulinganisha na picha nyingine za siku ile, mwaka 2016 Kikosi cha Marini kilikiri kwamba John Bradley hakuwa mmoja wa watu sita pichani bali alikuwapo Harold Schultz, na mwaka 2019 nafasi ya Rene Gagnon ikatambuliwa kuwa ya Harold Keller.

Si kila kilichopigwa kiliruhusiwa kuonekana. Let There Be Light, filamu ya Huston ya mwaka 1946 kuhusu askari walioumizwa akili na vita, ilizuiwa na jeshi hadi mwishoni mwa mwaka 1980. Sababu iliyotolewa ilikuwa faragha ya wagonjwa. Picha ambazo wapigapicha wa kampuni ya Kijapani Nippon Eigasha walizipiga Hiroshima na Nagasaki baada ya mabomu ya atomiki zilichukuliwa na Wamarekani, na nakala ikarudishwa Japani mwaka 1967 tu. Mwaka 1970 Erik Barnouw wa Chuo Kikuu cha Columbia alitengeneza kutokana nazo filamu ya dakika 16. Kwa robo karne watu walilijua wingu la uyoga bila kuwaona waliokuwa chini yake.

Adui mwingine alikuwa filamu yenyewe. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 filamu za milimita 35 zilitengenezwa kwa nitrati ya selulosi, ambayo hujitolea oksijeni inapoungua, hivyo maji hayaizimi. Tarehe 7 Desemba 1978 moto katika maghala ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa huko Suitland, Maryland, uliteketeza futi milioni 12.6 za vipande ambavyo havikutumika katika filamu za habari za Universal. Filamu za asetati zilizofuata haziwaki ovyo, lakini huoza polepole zikitoa harufu ya siki.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, jeshi lilijitangaza kwa televisheni kupitia The Big Picture, mfululizo wa vipindi zaidi ya 800 ulioanza mwaka 1951, wakati wa vita vya Korea. Kwa kuwa kazi za serikali kuu hazina hakimiliki nchini Marekani, yeyote anaweza kuzitumia, na ndiyo maana picha zilezile hurudi katika makala nyingi za televisheni duniani, mara nyingine zikipewa jina la vita visivyo vyake.

Kati ya mwaka 1945 na 1962 Marekani ililipua mabomu 210 ya nyuklia kwa majaribio angani na juu ya ardhi, na majaribio hayo yalipigwa takriban filamu 10,000. Zilitawanyika katika maghala ya siri kwa miongo mingi. Maabara ya Taifa ya Lawrence Livermore, California, ilianza kuzikusanya na kuziingiza kwenye kompyuta, na mwaka 2017 ikaanza kuziweka hadharani kwenye intaneti. Wanasayansi walipoupima upya ukubwa wa milipuko, fremu baada ya fremu, waligundua kwamba baadhi ya makadirio ya zamani yalikosea kwa asilimia 20 au hata 30.