Elimu Iliyomfuata Mfanyakazi

Wengi hudhani kwamba kumfundisha mtu kazini kwa kompyuta ni jambo la jana. Lakini mti huu una mizizi mirefu, na atakaye kuyajua matunda yake hana budi kuifukua mizizi hiyo kwanza.

Mwaka 1869 moto ulizuka katika mgodi wa makaa ya mawe wa Avondale, huko Pennsylvania, Marekani, ukaua watu zaidi ya 100. Baada ya misiba ya namna hiyo, sheria ya mwaka 1885 iliwataka wasimamizi wa migodi kufaulu mtihani. Je, mchimbaji angesoma lini, naye hushinda chini ya ardhi? Thomas J. Foster, mhariri wa gazeti la migodi, alijibu swali hilo. Mwaka 1891, katika mji wa Scranton, alianza kuwapelekea wachimbaji masomo kwa posta. Mtu alisoma nyumbani usiku, akaandika majibu, akayarudisha yasahihishwe. Hapo mwanafunzi hakuifuata shule. Shule ilimfuata yeye.

Baadaye kompyuta ikaingia katika kazi ya posta. Mwaka 1960 Chuo Kikuu cha Illinois kilianzisha PLATO, mtambo wa kufundishia. Mwaka 2000 ulitoka utaratibu wa SCORM, kwa juhudi za Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ili somo lililotungwa kwa mtambo mmoja lisomeke katika mwingine. Mwaka 2002 Martin Dougiamas wa Australia alitoa Moodle, programu ambayo kila chuo chaweza kuichukua bila malipo.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lilikuja na haja yake. Mwaka 2005 shirika la AMREF, pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya, lilianza mpango wa kuwapandisha wauguzi wapatao 22,000 kutoka daraja la cheti hadi la stashahada. Kuwaita wote vyuoni kungaliacha wagonjwa bila mtu. Basi masomo yakapelekwa kwenye vituo vyenye kompyuta karibu na kazi zao.

Lakini yafaa tutahadhari. Mtambo huandika kwamba somo limefunguliwa, limemalizwa, na limepata alama kadhaa. Hauwezi kuandika kwamba mkono umejua kazi. Mchimbaji alipimwa na watahini wa serikali, si na aliyemuuzia masomo. Muuguzi naye alikabili mtihani wa Baraza na vitanda vya wagonjwa. Mwajiri atoshekaye na alama ya kumaliza hujidanganya, na katika mgodi au wodi, udanganyifu huo hulipwa kwa roho za watu.

Tena, shule inayomfuata mfanyakazi isimnyang'anye usingizi wake. Mwajiri apataye faida ya elimu hiyo na atoe saa za kuisomea. Posta ilikwisha kupita, na mitambo ya leo itapita pia. Deni hilo halipiti.