Waris Hussein: mtoto wa Lucknow aliyeianzisha Doctor Who

Juzi tukiwa studio, mmoja wetu aliuliza: nani anajua aliyeongoza Doctor Who ya kwanza kabisa? Kimya. Sote tumezaliwa Uingereza, tumekua tukiitazama Jumamosi jioni na sahani ya wali mapajani, na hakuna aliyejua. Basi kaa nikusimulie.

Anaitwa Waris Hussein. Alizaliwa Lucknow, India, mwaka 1938. Familia ilihamia Uingereza mwaka 1946, baba yake alipopata kazi ya kibalozi London. Mwaka uliofuata India ikagawanywa, na mama yake, mwandishi Attia Hosain, akaamua kubaki huku na watoto. Mama huyo alitangaza kwenye idhaa ya Mashariki ya BBC, kwa hiyo mambo ya studio hayakuwa mageni nyumbani kwao.

Kijana akasoma Cambridge, akaingia BBC mwaka 1960 kujifunza uongozaji. Mwaka 1963, akiwa na miaka 24 tu, akakabidhiwa tamthilia mpya ya Jumamosi. Mtayarishaji wake alikuwa Verity Lambert, mwanamke wa miaka 27 kati ya wanaume watupu. Studio ya Lime Grove ilikuwa finyu na ya zamani. Walipomaliza sehemu ya kwanza, mkubwa wao Sydney Newman, naye mhamiaji kutoka Kanada, akaikataa na kuwaamuru warudie yote. Wakarudia. Ilirushwa tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Kennedy kuuawa.

Hakuishia hapo. Mwaka 1965 aliongoza A Passage to India kwa ajili ya BBC. Mwaka 1978 akaja na Edward & Mrs Simpson, iliyoshinda tuzo ya BAFTA. Hebu fikiria: mtoto aliyeletwa kutoka koloni ndiye aliyewasimulia Waingereza habari za mfalme wao aliyekiacha kiti.

Lakini kinachoniuma ni hiki. Mwaka 1964 aliongoza sehemu sita kati ya saba za Marco Polo, hadithi nyingine ya Doctor Who. Kanda za video zilikuwa ghali, BBC ikazifuta ili izitumie tena. Picha zote saba zimepotea. Sauti ipo, tena nzima, na si kwa sababu ya wakubwa. Ipo kwa sababu watazamaji wa kawaida waliweka rekoda zao karibu na televisheni sebuleni, wakabonyeza kitufe.

Nilipoyasoma haya nilimkumbuka Nyanya. Miaka ya themanini na tisini alikuwa akitutumia kaseti kutoka Mombasa badala ya barua: salamu, habari za mtaa, nani kaolewa, nani katangulia mbele ya haki. Sisi watoto tulizichukua tukarekodi nyimbo za redio juu yake. Yaani tulifanya vile vile walivyofanya BBC, na kwa sababu ile ile: kaseti tupu ilikuwa pesa.

Imebaki moja. Dakika chache za mwisho nyimbo hazikufika, na Nyanya anasikika akiuliza kama tumekula.

Nawe kapekue kabati la mama yako leo, kabla mtu hajasafisha nyumba.