Gango: Jina la Chombo Kinachoshika

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, ukishamalizika na maduka ya Kigali kuanza kufunguliwa, nilishuka Gisozi kununua kitu ambacho sikujua kukitaja. Gakinjiro, soko la mbao la huko, ilikuwa imeshachangamka. Mbao za mkaratusi na msonobari zimesimamishwa ukutani, mashine za kuranda zinalia, vijana wamebeba vitanda visivyopakwa rangi vichwani, na kila pengo kati ya karakana na karakana lina kenkayeri, kama wenyeji wanavyoliita duka la vifaa. Nilisimama mbele ya mojawapo nikamwambia muuzaji, "Nataka kile cha kubania mbao zikiwa na gundi." Nikaonyesha kwa mikono miwili, vidole vikikaribiana.

Kijana akacheka kidogo, akasema, "Klampu, muzehe." Mzee aliyeketi nyuma ya mizani ya misumari akamrekebisha kwa neno la Kifaransa, serre-joint, lenye maana ya kibana kiungo, akalitamka Kinyarwanda kabisa. Mteja mwingine pembeni, mtu wa Goma kwa lafudhi yake, akaniuliza kama ninataka jiliwa. Watu watatu, na hapo juu ya meza kipo kipande kimoja cha chuma.

Hali hii ina historia yake. Mafundi wa umri wa mzee yule walijifunza kazi kwa Kifaransa. Mwaka 2008 serikali iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na kijana yule ni zao la shule hizo. Kiswahili kimezungumzwa katika mitaa ya Biryogo na Nyamirambo tangu zamani, sokoni na msikitini, lakini kilipewa hadhi ya lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017 tu, miaka 10 baada ya nchi kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hata hivyo karakana haikusubiri sheria. Fundi wa Kigali anasema inyundo, nasi tunasema nyundo. Anasema umusumari, nasi msumari. Useremala kwa Kinyarwanda ni ububaji, kutokana na kitenzi kubaza, kuchonga mbao. Na kinachonifurahisha ni kwamba kubaza, likiandikwa, halitofautiani na kitenzi cha kuuliza. Ni sauti tu inayovitenga.

Nilichogundua siku ile ni kwamba vyombo vinavyopiga, kukata na kutoboa vina majina thabiti vinywani mwetu: nyundo, msumeno, patasi, tupa, randa, keekee. Chombo kinachoshika ndicho tunachokieleza kwa "kile cha kubania". Na kwa sababu hakina jina, hakimo katika orodha. Mtu akiamua kuanza kazi ndogo za mbao nyumbani, rafu ya vitabu au stuli ya jikoni, ananunua drili ya umeme kwanza, halafu nyundo, halafu msumeno. Cha kushikia anasema atatumia mkono.

Mimi nilitumia mkono. Nilikuwa natoboa kipande kifupi cha bati nene, nimekikandamiza mezani kwa kiganja cha kushoto. Keekee ilipokaribia kutokea upande wa pili, meno yake yalinasa ukingo wa tundu, na bati likazunguka nayo. Huo ndio wakati wa hatari katika kutoboa, pale chuma kinapobaki chembamba na keekee inajivuta ndani yenyewe badala ya kukata. Bati lilinipiga kidole cha shahada, likavunja mfupa. Zahanati ya mtaani walikinyoosha kidole, wakakifunga kwenye kipande cha alumini chenye sponji, wakaniambia nisikiguse wiki kadhaa. Aliyenifunga alikuwa mwanamke mwenye umri wa binti yangu, na kila mgonjwa mle ndani alimwita muganga.

Huku muganga ni daktari, basi. Hakuna hirizi wala tunguri katika neno hilo. Tanzania pia tuna Mganga Mkuu wa Serikali, lakini mtaani mganga akitajwa peke yake watu huwaza kwanza wa kienyeji. Nikiwa nimeketi na kidole kilichofungwa nilikumbuka kwamba kuganga, katika Kiswahili, ni zaidi ya kutibu. Ni kuunga kilichovunjika, kukifunga pamoja ili kishikane. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, tunasema, na wengi tunausikia ugonjwa tu katika methali hiyo, hatusikii kamba na banzi. Na kutokana na kuganga kamusi zetu zina nomino moja ambayo imekaa bila kazi: gango, wingi magango, yaani kitu cha kuunganishia au cha kushikia vitu viwili pamoja, kiwe cha mti au cha chuma.

Basi chombo nilichokwenda kukinunua Gakinjiro kina jina. Ni gango.

Nitalieleza kwa kazi yake. Gango lina taya mbili na parafujo. Taya moja imetulia, ya pili inasogezwa na parafujo hadi mbao zilizo katikati zibanwe. Nguvu yake ni ya hesabu nyepesi. Tuseme mkono wako unazungusha mpini sentimita 5 kutoka katikati ya parafujo. Kwa mzunguko mmoja kiganja kimesafiri sentimita 31 hivi, na parafujo imesogea mbele milimita 3 tu. Umbali umepungua mara 100 na zaidi, na nguvu ingeongezeka mara hizo hizo kama chuma kisingesuguana na chuma. Msuguano unakula sehemu kubwa ya faida hiyo, na hatuna haki ya kuulaumu, kwa kuwa ndio unaolifanya gango libaki limekaza ukishaliachia. Parafujo isiyo na msuguano ingejifungua yenyewe.

Umbo lake la kwanza ni lile la fremu ya chuma iliyopinda kama herufi G, imara, fupi, zuri kwa kukamatia kipande kwenye ukingo wa meza. La pili lina mwamba mrefu wa chuma bapa na mkono unaoteleza juu yake. Parafujo ikikaza, mkono unainama kidogo na kuung'ata mwamba, na hapo hauwezi tena kuteleza. La tatu ni refu zaidi, la kuunganishia meza na milango, na mafundi wengi hulitengeneza kwa bomba la maji na vichwa viwili vya chuma. Vile vidogo vya springi, vinavyofanana na vya kuanikia nguo, mimi naviacha na jina lao la vibanio. Vinashika karatasi ya kuchorea au ubao mwembamba, havigangi kitu.

Sasa suala la istilahi lenyewe, maana gango lina wapinzani. Jiliwa, alilolitaja yule mtu wa Goma, ni neno zuri la zamani, lakini jiliwa ni mkaaji: limefungwa kwa bolti kwenye meza ya fundi, na kazi yake ni kushika kipande kimoja ili wewe ukikate, ukikwaruze au ukipige tupa. Gango ni msafiri. Linaifuata kazi ilipo, na kwa kawaida linashika vipande viwili ili viwe kimoja. Tukiviita vyote jiliwa, mwanafunzi atakayesoma maelekezo ya kuunganisha rafu atakwenda kununua chombo cha kilo kadhaa cha kufungwa mezani.

Kibano ndilo neno ambalo wafasiri wengi hulikimbilia, na sikatai kwamba linaeleweka upesi. Tatizo ni kwamba limekwisha kupewa kazi nyingi. Kibano ni kile cha nywele, ni cha maabara, na Dar es Salaam mtu akipewa kibano amekiona cha moto. Tena kubana ni tendo la nguvu tu, halisemi lolote kuhusu kinachotokea baadaye. Klampu nayo haina dhambi. Waingereza wenyewe walilichukua neno lao kwa majirani zao Waholanzi. Ila klampu halimwambii kitu mtu asiyelijua. Gango, hata kwa mkazi wa Kigali ambaye hakuwahi kulisikia, lina muganga ndani yake. Nimelijaribu kwa jirani yangu, mwalimu mstaafu ambaye Kiswahili chake ni cha Nyamirambo. Nilimpa neno bila maelezo, akasema, "Ni cha kutibia mbao?" Sikuhitaji ushahidi zaidi.

Na ulinganisho huo unafundisha kazi pia. Muganga wangu alikinyoosha kidole kwanza, ndipo akakifunga. Gango halikusudiwi kulazimisha. Mkaratusi, mti uliojaa vilima vya Rwanda, hupenda kujipinda ukikauka, na anayeanza huona njia ya mkato: atazikaza mbao mbili zilizopinda hadi ufa uzibe, gundi ikauke, basi. Mbao hazisahau. Siku atakapolegeza zitavutana kurudi zilikokuwa, na kiungo kitapasuka leo au msimu ujao. Randa ndiyo inayonyoosha. Kiungo kinapaswa kufunga kwa mkono mtupu, bila mwanga kupenya, ndipo gango liitwe kukitunza. Ukikaza kupita kiasi unakamua gundi yote nje, na kinachobaki ndani ni njaa. Shanga ndogo ndogo za gundi zikijipanga kwenye mstari wa kiungo, umefika, acha mpini.

Watu huuliza magango mangapi yanatosha. Kanuni ya mafundi ni kwamba mbano husambaa ndani ya mbao kwa pembe ya nyuzi 45 kila upande. Mbao yenye upana wa sentimita 10, kwa hiyo, ikibanwa ukingoni, itafikisha mbano kwenye urefu wa sentimita 20 za kiungo. Rafu yangu ina urefu wa sentimita 80. Magango manne: la kwanza sentimita 10 kutoka mwisho, yanayofuata kila baada ya 20. Yapange moja juu, moja chini, moja juu, moja chini, la sivyo ubao wote utajikunja kama upinde. Weka vipande vya mbao chakavu kati ya taya na kazi yako ili chuma kisiache alama. Ukiunganisha fremu, pima kutoka kona hadi kona inayoikabili, kisha pima zile nyingine mbili; vipimo vikilingana, pembe zako ni mraba.

Dukani usinunue kwa macho. Omba kipande cha mbao, likaze gango pale pale. Mwamba ukipinda kama fito, rudisha. Mkono ukiteleza badala ya kung'ata, rudisha. Zungusha parafujo mwanzo hadi mwisho usikie kama inakwama, na utazame kile kisahani cha mbele kama kinacheza huru, maana kikigandamana na parafujo kitazunguka nayo na kuisukuma mbao pembeni. Ningemshauri mtu anunue mawili mazito badala ya sita yanayong'aa, na ningemshauri ayanunue kabla ya drili. Nasema hivi nikiwa na kidole ambacho hadi leo hakikunjiki vizuri asubuhi za baridi.

Asiye na fedha hajakwama. Waendesha baiskeli wa hapa hufunga mizigo kwa mikanda iliyokatwa kutoka mpira wa ndani wa tairi, na mkanda huo ukiuvuta na kuuzungusha kwenye mguu wa kiti uliotiwa gundi, mzunguko juu ya mzunguko, unabana kuliko unavyodhani, hata pale ambapo taya za chuma haziwezi kushika kwa sababu mguu ni wa mviringo. Kwa ubao mpana, pigilia vizuizi viwili mezani, laza mbao zako katikati, kisha ingiza kabari mbili zinazotazamana na uzigonge kwa nyundo kwa zamu. Kamba iliyosokotwa kwa kijiti nayo imeshika fremu nyingi. Yote haya ni magango. Jina linafuata kazi, halifuati chuma.

Nilirudi Gakinjiro baada ya kidole kupona, kwenye duka lile lile. Nilimwambia kijana, "Nipe magango manne," nikanyoosha mkono kuelekea yalikoning'inia. Alitazama nilikoonyesha, akalirudia neno polepole, kisha akamgeukia mzee wa nyuma ya mizani wakaongea Kinyarwanda. Nililisikia neno muganga likipita mara mbili. Mzee akatingisha kichwa kukubali, akaniletea manne, na kila moja akalikaza kwanza kwenye ukingo wa meza yake bila mimi kuomba.

Rafu imo ukumbini sasa hivi, mbao tatu zimelala kati ya taya. Ni msimu wa mvua, na gundi nyeupe hukauka kwa kuacha maji yake yanywewe na mbao. Mbao zikiwa na unyevu, kazi hiyo huchelewa. Maandishi ya chupa yanasema saa moja inatosha kulegeza na saa 24 ndipo gundi ipate nguvu kamili. Mimi nitayaacha magango hadi kesho. Asubuhi nitabonyeza shanga moja ya gundi kwa ukucha. Ikiwa bado laini kama jibini, nitaondoka zangu. Ikivunjika kavu, nitaanza na mojawapo la katikati, robo mzunguko, halafu nitasikiliza.