Usharika na Ushirika: Mafunzo ya Kazi, Biashara na Jumuiya katika Mitelemko ya Kilimanjaro

Kiswahili cha Walutheri wa Tanzania kina maneno mawili yanayotofautiana kwa irabu moja tu. Usharika ni kusanyiko la waumini wa mahali pamoja. Ushirika ni chama cha wakulima wanaouza mazao yao kwa pamoja. Maneno yote mawili yametoka katika shina moja, la kushiriki, yaani kuwa na fungu katika jambo pamoja na wengine. Katika mitelemko ya Kilimanjaro ujirani wa maneno hayo haukuwa wa kamusi tu. Familia zilizochanga kwa ajili ya paa la kanisa ndizo zilizopeleka magunia ya kahawa kwenye ghala la chama, na mara nyingi mzee wa kanisa na mjumbe wa kamati ya chama alikuwa mtu mmoja.

Historia ya usharika haiwezi basi kuandikwa kwa kuhesabu ubatizo na majengo peke yake. Inafaa kuuliza pia vijana wa mlima huu walijifunza kazi kwa nani, nani alinunua matunda ya kazi hiyo, na jumuiya ilikuwa na sauti gani kati ya mwalimu na mnunuzi.

Wahunzi na mifongo

Mafunzo ya kazi hayakuletwa na meli. Kabla ya misheni, wahunzi wa Mamba walijulikana kwa majembe, visu na mikuki yao, na chuma walikipata kwa biashara na watu wa Upare. Kijana aliingia katika kazi hiyo kwa njia ya ukoo wake: alivuta mivukuto, akashika koleo, na baada ya miaka mingi ndipo alipokabidhiwa nyundo. Hapakuwa na cheti. Jembe lililodumu shambani lilikuwa ushahidi wa kutosha.

Pamoja na uhunzi ilikuwapo mifongo, yaani mifereji iliyoleta maji kutoka mito ya juu hadi kwenye vihamba. Kuchimba mfongo kulihitaji ustadi wa kupima mwinuko kwa macho, na kuutunza kulihitaji nidhamu ya watu wengi. Waliotumia maji walipaswa kutoka siku ya kazi ya pamoja, na aliyekaa nyumbani bila sababu alitozwa faini au alinyimwa zamu yake. Wachaga walikuwa tayari wamejua kanuni ambayo karne iliyofuata ingeithibitisha mara kadhaa: anayefaidi hana budi kuchangia, na anayechangia hana budi kusikilizwa.

Misheni na kazi za mikono

Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Machame mwaka 1893, wakafungua kituo cha Mamba mwaka 1894 na cha Kidia, Moshi ya Kale, mwaka 1896. Injili ilikuja pamoja na kalamu, lakini pia pamoja na msumeno. Nyumba, shule na makanisa yalihitaji matofali, mbao na samani, na vijana waliokuja kujifunza kusoma walijikuta pia wakijifunza useremala na uashi. Mafundisho ya Luther kuhusu wito yalilingana na kazi hiyo, kwa maana kwake fundi viatu anayetengeneza viatu vizuri anamtumikia Mungu na jirani sawa na kuhani aliye madhabahuni. Mwaka 1912 Marangu ikapata chuo cha ualimu, na mlima ukaandaa walimu wake wenyewe.

Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902 na kutumika kwa muda mrefu Moshi ya Kale, aliona kwamba nguvu ya jumuiya hii ilikuwa katika ukoo, ujirani na rika. Alihofu kwamba fedha na maisha ya mji vingevunja vifungo hivyo, na hofu hiyo haikuwa bure. Hata hivyo wakulima wa Moshi ya Kale, wakiwemo waliosoma katika misheni hiyohiyo, walichagua njia nyingine. Hawakuikimbia fedha, waliiundia chama.

Kahawa na chama cha wakulima

Mbegu za kahawa zilifika mlimani kwa njia ya Wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na soko la dunia likasogea karibu na kihamba. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Charles Dundas, mtawala wa Kiingereza wa wilaya, aliwahimiza Wachaga kupanda kahawa. Walowezi wa Kizungu walipinga. Walidai kwamba mashamba ya Waafrika yangeeneza wadudu na magonjwa. Walihofu pia kwamba mtu mwenye kahawa yake hatakuja tena kuchuma ya mwingine.

Jibu la wakulima lilikuwa kuanzisha, mwaka 1925, chama kilichojulikana kama Kilimanjaro Native Planters' Association, kikiongozwa na Joseph Merinyo wa Moshi ya Kale. Chama hicho kilikuwa cha biashara, lakini kwa hakika kilikuwa pia chuo. Kilinunua dawa na mabomba ya kupulizia, kikasambaza maarifa ya kupambana na wadudu, kikasimamia usafi wa mashamba. Mkulima alijifunza kupogoa mibuni, kuchuma buni nyekundu tu, kumenya, kuvundika, kuosha na kuanika. Aliyeyazingatia hayo aliona tofauti yake katika bei. Hivyo mafunzo na soko vilikaa nyumba moja, na mwanafunzi alikuwa pia mwenye chama. Madai ya walowezi yalijibiwa kwa mashamba yaliyotunzwa.

Njia hiyo haikukosa miiba. Kulizuka tuhuma juu ya fedha, na mwaka 1931 Merinyo aliondolewa katika uongozi. Sheria ya vyama vya ushirika ikatungwa mwaka 1932, na mwaka 1933 chama kikaundwa upya kuwa Kilimanjaro Native Co-operative Union, yaani KNCU, chenye vyama vya msingi chini yake na meneja Mwingereza, A. L. B. Bennett. Wakulima wakalazimishwa na kanuni kuuza kahawa yao kupitia chama hicho tu. Bei iliposhuka, hasira ililipuka, na mwaka 1937 baadhi ya maghala yalivamiwa. Waliofanya hivyo hawakuwa maadui wa ushirika. Walikuwa watu waliotakiwa kuchangia bila kusikilizwa.

Kasoro nyingine haikupigiwa kelele. Kihamba kilirithiwa na wanaume, na kwa sababu hiyo uanachama na malipo vilikuwa vya wanaume, ilhali mikono iliyochuma na kuosha kahawa kwa sehemu kubwa ilikuwa ya akina mama na watoto. Mama alijua kazi yote ya kahawa, lakini jina lake halikuwamo katika daftari.

Matunda ya chama yalionekana wazi baada ya Vita Kuu ya Pili, bei ilipopanda. Fedha za kahawa zilijenga shule, zikalipia masomo ya vijana hata ng'ambo, na jengo la KNCU likasimama katikati ya mji wa Moshi. Mwaka 1963 kilianzishwa Chuo cha Ushirika, ambacho baada ya kukua kwa miongo kadhaa kilipata hadhi ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi mwaka 2014. Si jambo dogo kwamba chuo kikuu kimeota katika udongo uliotayarishwa na wakulima wadogo wenye ekari moja au mbili.

Ushirika uliochukuliwa na kurudishwa

Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini kote, na biashara ya kahawa ikawekwa chini ya mamlaka ya zao. Nia iliyotangazwa ilikuwa kumtumikia mkulima vizuri zaidi. Matokeo yalikuwa kumweka mbali na maamuzi. Kilichokuwa cha wanachama kikawa cha ofisi, na mkulima akarudi kuwa mtu wa kuleta gunia na kungoja malipo. Sheria mpya ilitungwa mwaka 1982, na KNCU ikarudishwa mwaka 1984; lakini imani ni kama mbuni: ukiukata leo, hauzai kesho yake.

Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi waliruhusiwa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ya dunia ilianguka vibaya. Katika vihamba vingi mibuni ilizeeka au iling'olewa ili kupisha mazao mengine. KNCU iliyokuwa imeingia katika soko la biashara ya haki mwaka 1993 ilipata wanunuzi wa ng'ambo waliokubali bei ya chini isiyovunjwa pamoja na nyongeza kwa ajili ya jumuiya. Hiyo haikuondoa shida, lakini ilikumbusha jambo lililoanza kusahauliwa, kwamba mfanyabiashara anaweza kufungwa na ahadi kwa watu anaonunua kwao.

Vijana wasio na kihamba

Wakati huohuo ardhi ilikuwa inakwisha. Katika sensa ya mwaka 1967 mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu zaidi ya 650,000. Katika sensa ya mwaka 2022 walikuwa zaidi ya 1,860,000. Kihamba kilichogawanywa kwa wana watatu, na kila mmoja wao akagawa tena, hakiwezi kulisha wajukuu wote. Kwa kijana wa leo, swali la kazi si swali la ziada baada ya mambo ya kiroho. Ndilo linaloamua kama atabaki, ataoa, atabatiza watoto wake hapa, au atakuwa jina linalosomwa tu wakati wa michango ya Krismasi.

Taifa nalo lilitafuta jibu. Sheria ya mwaka 1994 iliunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, na waajiri wakatozwa fedha za kuendeleza ufundi. Hivyo mwenye biashara anachangia gharama ya kumfundisha fundi ambaye yeye au mwenzake atamhitaji. Katika miaka ya 2010 vyuo kadhaa vya VETA, cha Moshi kikiwamo, vilijaribu uanagenzi pacha kwa kushirikiana na chama cha mafundi cha Hamburg, Ujerumani: kijana anasoma chuoni kwa kipindi, kisha anafanya kazi katika karakana au hoteli kwa kipindi, akipokezana hivyo mpaka amalize. Nchi iliyowahi kutuma wamisionari wenye msumeno ilituma sasa mafundi wenye mitaala. Na lililoletwa, yaani kujifunza mkononi mwa anayeifanya kazi, mhunzi wa Mamba angelitambua mara moja.

Fundisho kwa karne ya pili

Katika safari hii yote fundisho moja linajirudia. Mafunzo ya kazi yalistawi pale ambapo watatu walikuwa wakiwajibika wao kwa wao: anayefundisha, anayenunua au kuajiri, na jumuiya yenye watoto. Yalinyauka pale mmoja alipobaki peke yake. Shule bila soko ilizaa wenye vyeti waliokaa barazani. Soko bila jumuiya liliondoka bei iliposhuka. Na jumuiya iliyonyang'anywa sauti, kama ilivyokuwa mwaka 1937 na tena mwaka 1976, iliacha kukiona chama kuwa chake.

Usharika una nafasi yake kati ya watatu hao, nayo si ya kuwa kampuni wala ya kuchukua kazi ya serikali. Mtume Paulo alipofika Korintho alikaa kwa Akila na Prisila kwa sababu kazi yao ilikuwa moja, ya kushona mahema. Kazi ya mikono na kazi ya Injili zikapata makao katika nyumba moja. Miongoni mwa washarika wamo wenye gereji, washonaji, mafundi umeme, waashi, wenye hoteli na wenye maduka ya pembejeo. Wamo pia mafundi wazuri waliojifunza mtaani bila cheti, ambao VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuurasimisha ujuzi wao. Na kila mwaka wamo vijana wanaopiga magoti kupokea Kipaimara, kisha wanateremka mlima bila mtu kuwauliza watakula nini.

Kinachohitajika hakianzi na fedha nyingi. Kinaanza na orodha ya karakana na biashara za washarika, makubaliano ya maandishi kati ya fundi, mzazi na kijana, daftari lenye majina ya wasichana sawa na wavulana, na wazee wa kanisa watakaopita kila robo mwaka kuona kama kijana anafundishwa kweli au anatumwa sokoni tu. Mapato na matumizi yasomwe mbele ya wote, ili yaliyotokea mwaka 1931 yasirudi. Orodha hiyo yaweza kuandikwa kabla ya darasa lijalo la Kipaimara kumaliza masomo yake.